Pande Nne za Ulimwengu katika Njia ya Tabora

Mwalimu awafundishapo watoto pande nne za ulimwengu huwasimamisha uwanjani asubuhi, wakalikabili jua, akawaambia: mbele yenu ni mashariki, nyuma yenu ni magharibi, mkono wa kushoto ni kaskazini, mkono wa kuume ni kusini. Somo hili ni jepesi, nao watoto hulishika upesi. Lakini maneno hayo manne yalisafiri mbali kabla ya kufika ubaoni, na kila moja lina asili yake. Tena watu waliokutana Tabora katika karne ya 19, yaani Wanyamwezi wenye nchi, Waarabu wa Omani, Waswahili wa pwani, na baada yao wamisionari wa Kikristo, kila jamaa walikuwa na upande wao wa kuelekeza uso: katika sala, katika safari, na zaidi ya yote kaburini. Twataka kuyaeleza mambo hayo kwa taratibu, kwa kuwa padre na mwalimu huulizwa habari zake mara kwa mara, na jibu la haraka laweza kumpoteza mwulizaji.

I. Majina ya pande

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Majina mawili kati ya manne yametoka katika pepo. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hata Machi, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi huifuata, tangu Aprili hata Septemba, ikayarudisha kwao. Kwa pepo hizi watu wa pwani walipata kusema kaskazini na kusini. Majina mawili mengine ni ya Kiarabu, nayo yatokana na jua: mashariki ni mahali pa kuchomoza, magharibi ni mahali pa kuchwea, na shina la neno hili la pili ndilo lililozaa pia neno gharibu, yaani mgeni aliye mbali na kwao. Mabaharia walikuwa na maneno zaidi: jaa kwa kaskazini, kwa jina la nyota ya ncha, suheli kwa kusini, nayo ni nyota pia, na matlai kwa upepo wa mashariki. Nyota ya jaa haionekani Unguja wala Tabora, kwa kuwa i chini ya upeo wa macho. Baharia huiona akiisha kuvuka ikweta. Basi Mnyamwezi aliyejifunza Kiswahili njiani alipokea majina ya pepo zisizosukuma chombo chochote katika nchi yake.

Naye hakuwa na haja ya kuazima. Kinyamwezi kina majina yake: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiiya ni mashariki, ng'weli ni magharibi. Hapa yatupasa kuangalia sana. Maneno haya asili yake hayakuwa majina ya makabila, bali ya pande tu, na kila mtu aliyapima kutoka pale aliposimama. Mtu wa Unyanyembe aliwaita Wasukuma wale waliokaa kaskazini yake. Lakini wale nao walikuwa na Wasukuma wengine mbele yao, na kwao yule mtu wa Unyanyembe alikuwa Mdakama. Bwana Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, aliandika habari za Usukuma na Utakama kuwa ni sehemu za Unyamwezi, za kaskazini na za kusini. Baadaye wenye serikali waliandika majina katika daftari, na jina la Sukuma likagandamana na watu wakaao kusini ya ziwa Victoria, ambao leo ndio kabila kubwa kuliko yote ya Tanzania. Wanaishi kaskazini, lakini kaskazini ya nani? Ya wale waliowaita hivyo.

Hata jina la Wanyamwezi wengi hulieleza kwa njia iyo hiyo. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, juu ya mahali jua lilipochwea. Na watu wa pwani, wakitazama bara, waliona kwamba nchi ile iko upande wa mwezi. Yako na maelezo mengine, lakini hili lapatana na desturi ya kuwataja watu kwa upande wao.

II. Njia panda

Tabora palikuwa mahali pa kukutana njia. Njia kuu ya mashariki ilishuka kwa Ugogo hata Bagamoyo. Njia ya magharibi ilikwenda Ujiji na ziwa Tanganyika, na kuvuka hata Manyema. Njia ya kaskazini ilielekea Karagwe na Buganda; na Speke aliposhika njia ya kaskazini katika mwaka 1858 akafika ziwa kubwa, aliongozwa na habari alizopewa na wafanya biashara wa Kaze. Njia ya kusini iliwapeleka Wanyamwezi hata Katanga, ambako Msiri, mtu wa kwao, alijifanyia ufalme.

Kila upande ulikuwa na maana yake katika mioyo ya watu. Mavuno yakiisha, vijana walijitwika mizigo wakashuka pwani, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua za kupanda. Kijana asiyeiona pwani alihesabiwa kuwa bado mtoto. Kwake mashariki ilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba, na sifa ya kuiona bahari. Lakini katika njia ile ile walipita watu waliofungwa minyororo, na kwao mashariki ilikuwa upande usio na marejeo. Ndiyo maana jina la Bagamoyo hufasiriwa kwa namna mbili: wengine husema ni mahali mpagazi alipoubwaga moyo wake, akapumzika, wengine husema ni mahali mtumwa alipouacha. Hatutaki kukata shauri hapa. Twasema tu ya kwamba fasiri zote mbili zilipata watu wa kuzisadiki, kwa kuwa njia moja iliwachukua watu wa hali mbili.

Upande uliweza pia kufungwa. Katika mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya magharibi ilizibwa, na Stanley, akienda kumtafuta Livingstone, ilimlazimu kuzunguka kwa kusini ili afike Ujiji.

Kwa sababu ya hatari hizi hakuna msafara ulioondoka bila kuulizia. Mnyamwezi alimwendea mganga. Mtu wa pwani alimwendea mwalimu amtazamie bao, ajue siku njema ya kutoka. Elimu ya nyota ya Waarabu iliyagawa maburuji kumi na mawili katika tabia nne, na kila tabia ikapewa upande wake. Al-Biruni, mtaalamu wa karne ya 11, alieleza mgawo huo: maburuji ya moto ni ya mashariki, ya udongo ni ya kusini, ya upepo ni ya magharibi, ya maji ni ya kaskazini. Pwani nako watu walijua kusema kwamba nyota ya fulani ni ya moto au ya maji. Hivyo upande wa safari na tabia ya msafiri viliweza kupimwa pamoja, kama vile mtu apimavyo mzigo na bega.

Na pale njia zikutanapo, yaani njia panda, palikuwa na mambo yake. Mpaka leo watu wajua desturi ya kwenda kutupa njia panda kitu kilichotumika katika uganga, ili ugonjwa uondoke nyumbani. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Pande zote zikikutana mahali pamoja, mahali pale si pa upande wowote, na kilichoachwa hapo hakina mwenyewe. Huchukuliwa na mpita njia asiyejua.

III. Kibla

Mwislamu hakuziona pande zote kuwa sawa. Hapo mwanzo wafuasi wa Muhammad walisali wakielekea Baitul-Makdisi, ndiyo Yerusalemu. Katika mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, wakageuzwa kuielekea Makka. Tangu hapo kibla ni moja, lakini upande wake wabadilika kwa kila nchi. Misri wasali wakielekea kusini-mashariki. Bara Hindi wasali wakielekea magharibi. Pwani yetu wasali wakielekea kaskazini, hata watu wengi wa pwani walifanya kibla kuwa jina la upande huo.

Msafiri aliyetoka pwani kwenda bara alipaswa kuliangalia jambo hili. Bagamoyo, Makka iko karibu kaskazini halisi, ikipotoka kuelekea mashariki kwa digrii 2 tu. Tabora imepotoka digrii 14 hivi, na Ujiji digrii 20. Basi kila alivyozidi kwenda magharibi, ilimpasa kuugeuza uso wake kidogo kidogo upande wa kuume. Mtu aliyesali Ujiji kama alivyozoea Bagamoyo alikuwa ameiacha Makka kando.

Kibla humfuata Mwislamu hata kaburini. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kibla. Na kwa kuwa Tabora kibla ni kaskazini, kichwa chake huwa mashariki na miguu magharibi. Lakini Kurani yenyewe yafundisha ya kwamba mashariki na magharibi ni mali ya Mungu, na kwamba wema si kuuelekeza uso upande huu au ule, bali ni imani na matendo ya huruma. Mwalimu wa Kikristo asiseme, basi, kwamba jirani yake aabudu upande. Jirani huyo akijua Kitabu chake atamjibu vema.

IV. Mashariki ya Wakristo

Mapadre Weupe waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wakapita Tabora, na baadhi yao wakafika Ujiji Januari 1879. Nao walileta upande wao. Wakristo wa kale walisali wakielekea mashariki, na Basili Mkuu katika karne ya 4 aliihesabu desturi hii kuwa mojawapo ya zile zilizopokewa kwa mapokeo bila kuandikwa. Maana yake ilielezwa kwa njia nyingi: bustani ya Edeni ilipandwa mashariki, Bwana aliufananisha ujio wake na umeme utokao mashariki, nabii Malaki alitabiri jua la haki. Katika Yerusalemu, kama Sirili askofu wake alivyowaeleza wabatizwa wapya katika karne iyo hiyo, mwenye kubatizwa alisimamishwa kwanza akielekea magharibi, upande wa giza, akamkana Shetani. Kisha akageuzwa kuelekea mashariki, akaikiri imani. Kugeuka kwa mwili kulikuwa fundisho la kugeuka kwa moyo.

Tena Waebrania waliuita upande wa mashariki mbele, na kusini kuume. Na Waarabu waliiita Yemen kwa neno la kuume, na Shamu kwa neno la kushoto. Yaonekana wote hao walisimama kama wanafunzi wetu uwanjani, nyuso zao zikilikabili jua.

Lakini Kanisa liliona hatari mapema. Nabii Ezekieli alionyeshwa watu kama ishirini na watano walioligeuzia kisogo hekalu la Bwana, wakaliinamia jua upande wa mashariki. Papa Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwakemea Wakristo wa Roma waliopanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, wakageuka nyuma wakaliinamia jua kabla ya kuingia. Kanisa lile mlango wake uko mashariki. Kwa hiyo aliyetaka kulitazama jua ilimpasa kuipa altare kisogo.

Hatari hiyo ilikuwako Unyamwezi vilevile, na pengine zaidi. Wanyamwezi walimjua Mungu mmoja mkuu kwa majina mengi: Limatunda, ndiye Mwumba, Likube, aliye juu, Liwelelo, ulimwengu, na Limi, nalo ni jua. Mtu aliyezoea kumtaja Mungu kwa jina la jua, akimwona padre ameigeukia mashariki asubuhi, afikirie nini? Hakika angedhani amemkuta mwenzake. Hatusemi kwamba Wanyamwezi waliliabudu jua lenyewe, maana jina si kitu kinachoitwa, na kwao sala nyingi zilielekezwa kwa mizimu ya wazee. Twasema tu kwamba ishara isiyoelezwa huchukua maana aliyo nayo mtazamaji. Sirili aliwaeleza watu wake kila tendo la ubatizo wao. Katekista wa Unyamwezi alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Katika mazishi pia Wakristo walishika mashariki. Maiti alilazwa chali, kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akimkabili Bwana wake. Sasa msomaji aangalie: kaburi la Mwislamu Tabora na kaburi la Mkristo aliyezikwa kwa desturi hii huchimbwa karibu katika mstari mmoja, toka mashariki hata magharibi. Mchimbaji mmoja aweza kuyachimba yote mawili bila kubadili kipimo chake. Ila kichwa cha mmoja kipo penye miguu ya mwingine. Huyu atazama kaskazini, na yule mashariki.

V. Kijiji cha mama

Imebaki desturi ya Wanyamwezi wenyewe, nayo twaiona kuwa yenye maana kuliko zote katika habari hii. Burton aliandika ya kwamba Mnyamwezi akifa katika nchi ya ugeni, na wenzake wakipata nafasi ya kumzika, walimgeuza uso kuelekea kijiji cha mama yake. Burton hakuwa mtu wa kuwasifu Waafrika bure, lakini hapa alikiri kwamba desturi hii ilikuwa na moyo kuliko alivyotazamia kwao.

Tuifikiri vema. Wapagazi walikufa njiani kwa ndui, kwa kuhara, kwa njaa na kwa vita, na wengi waliachwa kando ya njia bila kaburi. Aliyebahatika kuzikwa hakugeuzwa kuelekea jua, wala nyumba takatifu, wala upande wowote wenye jina. Mpagazi wa Unyanyembe aliyefia Ugogo aligeuzwa kuelekea magharibi. Mwenzake aliyefia Ujiji aligeuzwa kuelekea mashariki. Aliyefia Karagwe, kusini. Aliyefia Katanga, kaskazini. Dira ya Mzungu isingeona kanuni yoyote katika makaburi hayo. Ingesema yamechimbwa ovyo. Kumbe yote yalitazama mahali pamoja. Tena si kijiji cha mtemi, wala kambi ya bwana wa msafara, bali cha mama.

Desturi hii yalingana na majina tuliyoyataja hapo mwanzo. Kama vile sukuma na dakama hupimwa toka pale msemaji aliposimama, vivyo hivyo uso wa maiti hupimwa toka pale alipoanguka hata pale alipozaliwa. Kibla nayo si upande wa dira, bali ni mahali. Ndiyo maana hubadilika njiani. Na Danieli, alipokuwa mateka Babeli, alifungua madirisha yake kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kila siku; naye alikuwa mgeni aliyeugeuza uso kwao.

Liko jambo jingine lililotukia Tabora, nalo lafaa kukumbukwa hapa. Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Agosti 1872, akafa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake, Susi na Chuma na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua. Walipofika Tabora, Oktoba 1873, walimkuta Cameron, naye akawashauri wamzike papo hapo, kwa ajili ya hatari za njia. Wakakataa. Wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster Abbey, London. Susi na Chuma hawakuwa Wanyamwezi, wala hatuna haja ya kudai kwamba walifuata desturi ya Wanyamwezi. Lakini kila mpagazi wa njia ile aliweza kufahamu kwa nini walikataa. Wengine waliweza kuugeuza uso wa maiti tu. Hawa waliweza kumchukua mwenyewe.

VI. Mambo ya kuangaliwa

Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora katika mwaka 1912, na Kigoma katika mwaka 1914. Ikawa mwisho wa njia ya wapagazi. Lakini watu hawakuacha kufa mbali na kwao, na maswali ya pande hayakwisha. Kwa hiyo twatoa mashauri matatu.

La kwanza, mwalimu akusanyaye maneno ya wazee asiandike tu kwamba neno fulani maana yake ni kaskazini au ni kabila fulani. Aandike pia msemaji alikuwa wapi aliposema. Bila hilo, neno la upande ni nusu ya neno.

La pili, mashariki ya Kanisa ifundishwe pamoja na maana yake, tangu katekesi ya kwanza, wala isiachwe iwe desturi bubu. Anayefundishwa ajue kwamba jua ni kiumbe, na kwamba twamngoja Yule aliyeliumba.

La tatu ni habari ya makaburi. Wakati mwingine jamaa wa marehemu huomba alazwe akitazama kwao, na mwalimu hukataa akidhani ni ushenzi. Kulaza miguu mashariki ni desturi njema ya kale, nayo inafaa ishikwe kwa heshima. Lakini si sharti la wokovu, na Mkristo aliyefia baharini hakuwa na mashariki wala magharibi. Kabla ya kukataa, mwalimu aulize kwanza: mwataka atazame wapi, na kwa nini? Wakijibu kwamba ni kwa hofu ya mzimu, analo la kuwafundisha. Wakijibu kwamba mama yake yuko huko, akumbuke kwamba Bwana alisema watu watakuja toka mashariki na magharibi, toka kaskazini na kusini, wakae karamuni katika ufalme wake; wala hakuutaja upande wowote kuwa utaachwa nje.